Ammar Aliposhuka Mimbarini: Uchambuzi wa Khutba Fupi Iliyolalamikiwa

Khutba ilikuwa fupi, na walioisikiliza walitaka iendelee. Aliyehutubu ni sahaba Ammar bin Yasir (r.a.). Aliyetuhifadhia tukio lenyewe ni Abu Wa'il, yaani Shaqiq bin Salama, mtu wa mji wa Kufa huko Iraq, aliyekuwa hai zama za Mtume (S.A.W.) ila hakujaaliwa kuonana naye. Katika mapokezi ya Imamu Muslim, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, Abu Wa'il anaeleza kwamba Ammar aliwahutubia kwa maneno machache yaliyofika barabara. Aliposhuka wakamwambia: ewe Abul-Yaqdhan, umefikisha na umefupisha, laiti ungevuta kidogo! Akawajibu kuwa alimsikia Mtume wa Mwenyezi Mungu (S.A.W.) akisema kwamba urefu wa swala ya mtu na ufupi wa khutba yake ni alama ya ufahamu wake wa dini, basi refusheni swala na fupisheni khutba, na hakika katika ufasaha kuna uchawi.

Basi. Mapokezi hayo hayasemi Ammar alihutubu juu ya nini, wala alitumia aya zipi. Kilichobaki mikononi mwetu ni ombi la wasikilizaji na jibu la khatibu, na humo mna jambo ambalo malalamiko yetu ya kila siku kuhusu hotuba ndefu hulipita bila kuliona.

Kwa kawaida habari ya kufupisha tunaianza na watu waliochoka: mzee mwenye magoti mabovu, mfanyakazi anayeibia saa yake jicho, mama mwenye mtoto analia. Hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini ni hoja ya huruma, na mhubiri akiambiwa kwamba watu hawajachoka, haimzuii tena. Watu wa Ammar hawakuchoka. Walikuwa na hamu, wakaisema hamu yao wazi, na bado hakuongeza neno juu ya khutba yake wala hakuahidi kurefusha ijayo. Kwa hiyo sababu yake lazima iwe nyingine, na ndiyo ninayotaka tuitafute.

Kwanza tumtazame msemaji mwenyewe, kwa sababu kuna watu wanaofupisha kwa kuwa hawana la kusema. Ammar hakuwa mmoja wao. Alisilimu miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa huko Makka. Wazazi wake, Yasir na Sumayya, waliteswa kwa ajili ya imani yao, na Sumayya anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza katika Uislamu. Wafasiri wengi wanaitaja aya ya 106 ya Sura An-Nahl, inayomzungumzia aliyelazimishwa kutamka ukafiri huku moyo wake umetulia juu ya imani, kuwa imeshuka kwa sababu yake. Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) alimtuma Kufa awe amiri, na pamoja naye akamtuma Abdullah bin Mas'ud (r.a.) awe mwalimu. Ammar aliuawa katika vita vya Siffin mwaka 37 Hijria, sawa na 657, akiwa ameshapita miaka 90. Mtu mwenye maisha ya namna hiyo angeweza kusimulia kuanzia adhuhuri hadi jua lizame, na hakuna ambaye angethubutu kusinzia. Mambo alikuwa nayo tele, ila aliacha kuyasema.

Jibu lilimhusu nani?

Angalia alivyojibu. Hakutaja muda, hakutaja joto, hakuwatajia wagonjwa waliokuwapo. Alitaja alama ya ufahamu, na ufahamu huo ni wa anayesema. Kwa hiyo ufupi hapa ni kipimo cha aliye juu ya mimbari kabla ya kuwa nafuu kwa waliokaa chini.

Kwa nini ufahamu uonekane katika kufupisha? Nadhani anayelijua jambo nusu hulazimika kuyasema yote, kwa sababu hajui lipi ndilo linalobeba mengine. Akiacha moja ana wasiwasi huenda ndilo lilikuwa lenyewe. Aliyelijua hadi mzizi anajua kipi kikiondolewa jambo linabaki limesimama.

Tuchukue khutba ya kusengenya, ambayo karibu kila msikiti imeshasikika. Khatibu anaanza na sifa na shukrani, na hizo ni haki. Kisha anafafanua maana ya kusengenya, anaitofautisha na uzushi, anataja makundi yanayoruhusiwa kusemwa, anasimulia visa vitatu vya watu wema, anaingia kwenye adhabu za kaburi, anarudi kwenye maadili ya vijana, anamalizia na simu za mkononi. Kila kipande ni sahihi. Sasa weka pembeni yake aya ya 12 ya Sura Al-Hujurat, inayouliza kama kuna mmoja wetu anayependa kula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Khatibu anayeifahamu aya hiyo anaweza kuisoma, akanyamaza kidogo, akawaambia watu: mtakapotoka hapa, kabla hamjafika nyumbani, jina la mtu asiyekuwepo litatajwa katika mazungumzo yenu, atakayelitaja akumbuke swali hili. Halafu akaketi. Wale waliosikia visa vitatu na makundi yote watatoka wakisema khutba ilikuwa nzuri. Waliosikia hii watatoka na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe itawakuta njiani hata kabla viatu havijakaa sawa miguuni.

Ushahidi wa namna hiyo tunao kutoka mimbari ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Jabir bin Samura anasema khutba yake ilikuwa ya wastani na swala yake ya wastani. Alikuwa akitoa khutba mbili, akikaa baina yake, akisoma Qur'ani na kuwakumbusha watu. Bi Umm Hisham bint Haritha anasema hakuihifadhi Sura Qaf isipokuwa kutoka ulimini mwa Mtume (S.A.W.), alivyokuwa akiisoma juu ya mimbari kila Ijumaa. Sura hiyo ina aya 45. Mama huyo hakukaa darasani kuisoma. Aliipata kwa kuja kusali. Alichokisikia kilikuwa na kipimo ambacho kumbukumbu inakiweza, na kikarudiwa hadi kikakaa. Bibi Aisha (r.a.) naye anaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alizungumza kwa namna ambayo mtu akitaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Kuhesabika si habari ya uchache peke yake. Ni kwamba kila neno lilipewa nafasi yake.

Yule asiyeweza kujibu

Kuna jambo katika khutba ya Ijumaa linaloufanya mzigo wa khatibu kuwa mkubwa kuliko wa msemaji mwingine yeyote. Msikilizaji wake amefungwa mdomo. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba ukimwambia mwenzako "nyamaza" siku ya Ijumaa wakati imamu anahutubu, umeshafanya upuuzi. Hata kumkanya anayepiga kelele hairuhusiwi. Haulizi, hakatizi, hasemi "hilo tumeshalielewa, endelea". Mtu aliyenyang'anywa haki ya kusema anastahili kwamba aliyebaki na haki hiyo aitumie kwa uangalifu mkubwa. Nalisema hili kwa uzito wote, maana nimeona likichukuliwa kinyume: ukimya wa waumini unahesabiwa kuwa idhini ya kuendelea.

Kisa cha Mu'adh bin Jabal (r.a.) kinatuonyesha urefu unavyomwangukia mtu halisi. Kinahusu swala, si khutba, lakini mwenye kubeba mzigo ni yule yule maamuma wa nyuma. Mtu mmoja alikuwa na ngamia wake wawili wa kumwagilia maji, usiku umeshaingia. Akamkuta Mu'adh anaswalisha, akawaacha wanyama wake akajiunga. Mu'adh akaingia Sura Al-Baqara au An-Nisaa, mpokezi mwenyewe hakuwa na hakika ni ipi. Al-Baqara ina aya 286. Yule mtu akajitoa akaenda zake, kisha akasikia kwamba Mu'adh amemsema vibaya. Alipomshtakia Mtume (S.A.W.), lawama hazikumwendea aliyekimbia. Zilimwendea aliyerefusha: unawatia watu katika fitina, ewe Mu'adh? Akalirudia mara tatu. Akamtajia sura ambazo angeweza kusoma, Al-A'laa yenye aya 19, Ash-Shams yenye 15, Al-Layl yenye 21, akamweleza sababu: nyuma yako wanasali mzee, dhaifu na mwenye haja zake.

Hapo msomaji makini atauliza: mbona Ammar amenukuu "refusheni swala", na Mu'adh anakemewa kwa kuirefusha? Imamu Nawawi, mwanachuoni aliyezisherehesha hadithi za Imamu Muslim, amelijibu kwa ufupi. Makusudio ni swala iwe ndefu ikilinganishwa na khutba, si urefu wa kuwatesa maamuma. Kwangu mimi mpangilio huo unasema mengi. Katika khutba watu wanamsikiliza binadamu, katika swala wanasimama mbele ya Mola wao. Khutba ikila saa nzima na swala ikakimbizwa kwa sura mbili za mwisho wa msahafu, tumeshaonyesha kwa vitendo kipi tunakiona kikubwa.

Sikio lile lile, kwa mara nyingine

Abu Wa'il aliyelipokea jibu la Ammar ndiye pia aliyepokea kisa cha pili kinachofanana nacho kama mapacha. Abdullah bin Mas'ud alikuwa akiwapa watu mawaidha kila Alhamisi. Mtu mmoja akamwambia: ewe Abu Abdirrahman, natamani ungetuwaidhi kila siku. Ibn Mas'ud akamjibu kwamba kinachomzuia ni kuchukia kuwachosha, na kwamba anawapangia nafasi za mawaidha kama Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiwapangia wao, kwa kuhofia wasije wakachoshwa.

Ombi ni lile lile, la watu wenye hamu. Mmoja aliombwa urefu, mwingine aliombwa wingi, na wote wawili wakakataa kwa kurudi kwenye mwenendo wa mwalimu wao. Ila sababu zao zinatofautiana, na ndiyo maana ninaviweka visa hivi pamoja. Ibn Mas'ud anaitazama kesho ya msikilizaji: hamu ya leo ikipewa kila inachotaka itageuka kinaa. Ammar anamtazama msemaji: je, anajua kiini cha anachokisema? Mwenye kujitayarisha kupanda mimbari anahitaji kuwa na maswali yote mawili.

Kuhusu maneno ya mwisho ya jibu la Ammar, kwamba katika ufasaha kuna uchawi, wanazuoni wamegawanyika. Wapo walioyachukua kuwa sifa, kwamba maneno mazuri huteka nyoyo kuelekea haki. Wengine wameyachukua kuwa onyo, kwamba maneno mazuri huweza kuigeuza batili ionekane haki. Mimi, nikiyatazama mahali Ammar alipoyaweka, naegemea onyo. Waliomjia walikuwa wameshatekwa. Walimsifu ufasaha wake kwanza, ndipo wakaomba zaidi. Katika hali hiyo kinachoombwa huenda si mawaidha tena, ni ladha ya kusikiliza. Na khatibu naye anapewa ladha yake: nyuso zimeinuka, vichwa vinatikisika, sauti yake inamrudia kutoka kwenye vipaza sauti. Hakuna wakati mgumu wa kunyamaza kama huo. Umati uliochoka humsaidia msemaji amalize, lakini unaofurahi humwachia peke yake kazi ya kujizuia.

Siku nzima juu ya mimbari

Uadilifu unadai tutaje kisa kinachokwenda upande mwingine. Abu Zaid, Amr bin Akhtab (r.a.), amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasalisha alfajiri kisha akapanda mimbari akawahutubia hadi adhuhuri, akashuka akasali, akapanda tena hadi alasiri, akashuka akasali, akapanda tena hadi jua likazama. Aliwaeleza yaliyokuwa na yatakayokuwa. Nayo iko kwa Imamu Muslim.

Anayetaka kutetea muhadhara wa saa tatu ataishika hadithi hii, na hana kosa kuishika. Inathibitisha kwamba ufupi si sheria isiyo na nafasi ya kupumua. Zipo siku ambazo jambo ni kubwa kiasi kwamba siku nzima ni halali yake. Lakini soma jinsi Amr alivyoimalizia: mjuzi zaidi miongoni mwetu ni yule aliyehifadhi zaidi. Hata waliokuwa mbele ya Mtume (S.A.W.), wenye kumbukumbu zilizozoea kubeba mashairi na nasaba, hawakutoka wote na yote. Kila mtu alitoka na kiasi chake. Msemaji anayechagua urefu anachagua pia kwamba sehemu kubwa itaanguka njiani, na kwamba si yeye atakayeamua ipi ianguke. Siku ile ilistahili. Ijumaa ya kawaida, sijaona hoja ya kuifanya iwe hivyo.

Nje ya msikiti

Haya hayaishii kwa makhatibu. Binti wa Mtume (S.A.W.) alimpelekea ujumbe kwamba mwanawe anakata roho, aje. Mtume (S.A.W.) akamrudishia salamu na maneno haya: alichokichukua ni cha Mwenyezi Mungu na alichokitoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda maalumu, basi asubiri na atarajie malipo. Humo mna imani yote ambayo mfiwa anahitaji kukumbushwa, na inaweza kusemwa kwa pumzi mbili. Binti akatuma tena, akiapa kwamba lazima aje. Hapo ndipo pananigusa zaidi. Ombi la pili halikujibiwa kwa ujumbe mrefu kuliko wa kwanza. Mtume (S.A.W.) aliinuka akaenda, pamoja na Sa'd bin Ubada, Mu'adh bin Jabal na wengine. Mtoto akainuliwa kwake, pumzi zake zikikoroma, na macho ya Mtume (S.A.W.) yakabubujika machozi. Maneno machache yalipokuwa hayatoshi, kilichoongezwa kilikuwa kuwapo.

Linganisha na rambirambi zetu. Tunamkuta mtu ana msiba wa saa mbili, tunamweleza hekima za mauti, tunamsimulia msiba wetu sisi wa mwaka juzi, tunamuuliza ugonjwa ulianzaje, na yeye kwa adabu anatujibu kila kitu. Tunaondoka tumejisikia vizuri, yeye amebaki amechoka.

Kuomba radhi nako kunaharibiwa na urefu kuliko tunavyodhani. "Nimekukosea jana nilipokukatiza mbele ya wageni. Nisamehe." Sentensi mbili, na kosa limetajwa kwa jina lake. Ongeza "lakini na wewe ujue nilikuwa nimetoka safari", ongeza "na wewe ulivyonitazama sikupenda", na kufikia dakika ya tatu aliyekosewa ndiye anayejitetea. Hakuna neno la uongo katika nyongeza hizo. Zimegeuza tu upande wa mazungumzo. Mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) amuusie, akamwambia: usikasirike. Akarudia ombi lake mara kadhaa, na kila mara jibu likawa lile lile. Hapo tena tunamwona mwenye kiu anayeomba nyongeza na mwenye hekima asiyeongeza. Bila shaka yule mtu alidhani kuna wosia mkubwa zaidi umefichwa. Wosia ulikuwa huo huo, na kazi iliyobaki ilikuwa yake.

Narudi kwa khatibu, maana ndiye mwenye tatizo lililo gumu zaidi: ametayarisha wiki nzima, ana kurasa sita, na anaambiwa afupishe. Zile kurasa tano nyingine azipeleke wapi? Mji wa Kufa uliwaonyesha njia watu wake. Mimbari ilikuwa na kipimo chake, na Alhamisi ya Ibn Mas'ud ilikuwa na nafasi yake. Mafafanuzi ya fiqhi, tofauti za wanazuoni, visa vya watu wema na historia nzima ya aya vina mahali pao kwenye darsa baada ya swala, mara moja kwa wiki, kwa waliochagua kukaa. Khatibu aanze kuandika khutba yake kutoka mwisho: ni jambo gani moja anataka mtu awe nalo akifika mlangoni? Aliandike kwa sentensi moja. Kisha kila aya na kila hadithi aliyoikusanya aiulize kama inalihudumia jambo hilo. Isiyolihudumia, hata ikiwa tamu kiasi gani, aihamishie kwenye daftari la darsa. Na watu wakimjia baada ya swala kumwambia laiti ungevuta kidogo, awatajie siku na saa ya darsa hiyo. Huko mtu anaweza kuinua mkono na kuuliza, na asiyeweza kubaki anaondoka zake bila dhambi yoyote.